Nani Anamfundisha Nyanchera Kuimba?

Mpendwa Mama Mshauri,

Naomba msaada wako upesi, na naomba pia usichapishe jina langu wala la shule yangu, kwa sababu hapa karibu na Ekerenyo gazeti moja husomwa na watu thelathini kabla mwenye duka hajalifungia sukari, na mmoja wa hao thelathini ananichimba, ila bado sijamjua ni nani.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka thelathini na mitatu, nina mke na watoto watatu, ni Msabato wa kuzaliwa, sinywi, sivuti, na juu ya kufundisha hesabu nimepewa kazi mbili hapa shuleni, muziki na kibao. Kama huko kwenu hakipo, kibao ni kipande cha ubao chenye kamba, mtoto akisikika anaongea Kikisii anavishwa shingoni, anakaa nacho mpaka amsikie mwenzake akikosea ampe yeye, na atakayekutwa nacho saa ya kwenda nyumbani anachapwa. Mwaka huu wa 1972, tangu Januari, mimi mwenyewe niliongeza kwamba hata kuimba Kikisii ni kosa, maana walikuwa wakiruka kamba wanaimba, wakifagia wanaimba, wakichota maji wanaimba, nami nikija darasani kuwafundisha do re mi naona midomo imeshachoka. Sheria ilifanya kazi. Kufikia Machi hakuna mtoto aliyevishwa kibao kwa kosa la kuimba, na mwalimu mkuu wetu, Bwana Ombui, alinisifu mbele ya walimu wote.

Ni hapo mambo yalipoanza kuharibika.

Siku moja mwezi wa Aprili nilikuwa napita kando ya mashamba ya chai, nikasikia wasichana wa darasa la saba wakichuma, na walikuwa wakiimba kwa do re mi, upande huu wanaanza na upande ule wanajibu, bila neno hata moja la lugha yoyote. So so la so mi, re mi re do, na tena, na tena, huku majani yakirushwa kikapuni. Kwanza nilifurahi, nikasema kumbe wanafanya mazoezi, lakini niliposimama nyuma ya ua na kusikiliza niligundua lile si zoezi langu, haliko kwenye chati yangu ya ukutani, haliko kwenye kitabu cha nyimbo za kanisa, sijalifundisha mimi. Nilipojitokeza walinyamaza wote kwa mara moja, kama redio iliyozimwa, wakainamisha vichwa.

Nikauliza, "Nyinyi, hiyo mnaimba ni nini?"

Mmoja akajibu, "Ni do re mi tu, mwalimu."

Sasa nikuulize, Mama, mtoto asiye na kosa huinamisha kichwa kwa nini? Tangu siku hiyo nimekuwa nikisikiliza. Wakiwa bombani wana wimbo mmoja, wakifagia wana mwingine, na kila nikikaribia wananyamaza, nami nikaanza kuamini kwamba hayo ni maneno yaliyofichwa, kwamba do ni mimi na mi ni mke wangu au kitu cha namna hiyo, na kwamba kuna mtu mzima anayewafundisha.

Halafu ikaja Julai, mashindano ya muziki. Kwaya yangu iliimba bila kukosea, nasema bila kukosea hata mahali pa kupumua, na tukawa wa nne. Wa kwanza ni shule ya ng'ambo ya mto, ya mwalimu anayeitwa Obwocha, tuliyesoma naye chuoni, mtu wa kuchekacheka na kila mtu, ambaye watoto wake walipanda jukwaani na kuimba wimbo wa kupalilia wimbi huku wanapiga jembe kwa jiwe, mbele ya wageni! Na yule mwamuzi, mtu wa Nairobi asiyenijua, aliniandikia kwenye karatasi: "Sauti safi. Lakini watoto hawa huimba nini wakiwa nyumbani?" Hebu nieleze, swali hilo lilitoka wapi? Nani alimwambia kwamba watoto wangu wana wanachoimba mahali pengine? Nilimtazama Obwocha, naye akanipungia mkono akicheka.

Tuliporudi nilipekua madaftari yote ya darasa la saba, nikipitia kurasa za nyuma, na nyuma ya daftari la hesabu la msichana mmoja, nitamwita Nyanchera, nikakuta nyimbo tatu zimeandikwa kwa do re mi. Wa kwanza ni ule wa chai. Wa pili sijui ni wa nini. Wa tatu ndio ulionishtua, kwa sababu una fe ndani yake, na fe, kama hujui, ni ile sauti iliyopanda kidogo juu ya fa na haijafika so, ngumu hata kwa watu wazima. Niliifundisha siku moja tu mwezi wa Machi, hakuna aliyeelewa, nikafuta ubao nikaacha. Kwa hiyo aliyemwandikia huyu mtoto ni mjuzi, na mjuzi wa fe katika tarafa yetu hii ukiniondoa mimi ni Obwocha peke yake.

Nilimwita Nyanchera ofisini. Nikamuuliza, "Nani anakufundisha?"

"Hakuna mtu, mwalimu."

"Hii ya tatu umetoa wapi?"

"Inakuja tu."

"Inakuja tu kutoka wapi? Maneno yake ni gani?"

Akaangalia dirishani ambako kibao kinaning'inia, machozi yakamtoka, na mpaka leo hajasema. Nilichukua daftari. Ninalo hapa ninapoandika, na nyimbo zote tatu nimekunakilia kwenye karatasi ya pili ili ujionee.

Nikafikiri labda nikiimba mwenyewe nitagundua siri. Jumapili alasiri nilikaa sebuleni nikaimba ule wa pili kwa sauti, do do mi so, so mi so, la so mi do, nikaurudia kama mara sita nikiupiga mezani kwa kidole. Mama mkwe wangu, aliyekuja kumwona mtoto wetu mchanga, alikuwa jikoni na mke wangu Esnah. Ghafla nikamwona mama mkwe kupitia dirisha anatoka mbio, leso mdomoni, mabega yanatikisika, akaingia katikati ya migomba akakaa huko mpaka nilipoondoka nyumbani, na nilivyoambiwa alirudi kwao siku ile ile bila hata kuchukua mkungu wa ndizi aliokatiwa. Nilipomuuliza Esnah alisema, "Baba Kemunto, wachana na hayo maneno," akageuka kukoroga uji, na mimi naapa alikuwa anacheka. Kwa hiyo hata nyumbani kwangu wanajua! Kikulacho ki nguoni mwako.

Mimi nililelewa misheni, Mama. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, hatukuruhusiwa kukaribia penye ngoma wala penye obokano, kile kinanda kikubwa cha nyuzi nane wanachopiga wazee kwenye pombe, na arusi za nje ya kanisa tulizisikia kwa mbali tu tukiwa tumefungiwa milango. Sioni aibu kwa hilo. Lakini sasa najiona kama mtu aliyezungukwa na watu wanaoongea lugha ambayo yeye hajui, na lugha yenyewe ni yangu, ni ile niliyowafundisha mimi.

Nilimweleza Bwana Ombui. Akasema, "Mwalimu, dalili ya mvua ni mawingu. Andika ripoti. Nataka kujua nani anamfundisha mtoto huyu." Kamati ya shule inakaa wiki ya kwanza ya Septemba, baba yake Nyanchera ataitwa, na kama ripoti yangu itasema kwamba msichana anapokea mafunzo ya siri kutoka shule nyingine na kuwaharibu wenzake, ataondolewa, na mtihani wa CPE, wa kumaliza shule ya msingi, ni Novemba, hakuna shule itakayompokea miezi miwili kabla. Ripoti nimeshaiandika. Iko kwenye bahasha, sijaifunga. Ni msichana mwenye akili sana, nikubali, wa pili kwa hesabu. Lakini nikinyamaza nitakuwa mwalimu anayechekwa na watoto, na Obwocha, na hata mama mkwe wangu. Je, niipeleke?

Mimi,
Mwalimu Aliyezungukwa,
Wilaya ya Kisii


MAMA MSHAURI ANAJIBU

Mwalimu,

Pole. Hiyo pole ni moja, usingoje ya pili. Nimekupandisha juu ya barua za watu waliotangulia, mmoja ana mume aliyepotea, kwa sababu ya hiyo tarehe ya Septemba, kwa hiyo soma vizuri.

Barua yako niliisoma mara tatu kwa kuwa sikuiamini. Wewe ni mtu wa kushuku, basi vumilia nikushuku na mimi kidogo. Karatasi ya pili uliyonitumia ina nyimbo tatu. Wa kwanza na wa pili umezikwaruza kwa penseli. Wa tatu, ule unaosema umekushtua, umeuandika kwa wino, umepiga mistari kwa rula, na umeweka alama ndogo kila mahali pa kupumua, ingawa daftarini hazikuwepo, maana watoto wa darasa la saba hawaziweki. Hakuna askari anayepiga pasi ushahidi, mwalimu. Wimbo ule unaupenda. Uliujua kuwa mzuri kabla ya kuujua kuwa kosa, na hilo hukuniambia.

Sasa twende kwa hizo siri zako.

Hapa kiwandani yuko mzee anayepanga herufi za gazeti hili, anaitwa Nyangau, kwao Nyaramba, huko huko kwenu Kisii. Mimi do re mi niliijua kanisani, ingawa sauti yangu sasa ni ya mlango usiotiwa mafuta. Nilishuka kwake na karatasi yako nikamwimbia wa kwanza. Hakuinua hata kichwa. "Huo wa kusaga wimbi," akasema, "mama alikuwa anauimba kwenye jiwe la kusagia. Siku hizi wasichana wanauchumia majani ya chai." Basi. Njama yako ya kwanza imeishia hapo, kwenye unga.

Nikamwimbia wa pili. Akaweka herufi chini akanitazama kwa wasiwasi.

"Mama, hiyo umetoa wapi? Hiyo si ya kuimba tu ovyo."

Nikamwambia ameuimba bwana mmoja, sebuleni kwake, mara sita, mama mkwe akiwa jikoni. Mwalimu, nilidhani mzee ataanguka. Alicheka mpaka akashika mashine. Alipopata pumzi alinieleza. Ni wimbo wa arusi, wa wanawake wa upande wa bibi arusi, wanaoimba siku ya kumtania bwana arusi. Unasema kwamba amekuja na miguu myembamba kama ya kunguru, kwamba ni mchoyo wa nyama, kwamba mama mkwe ajihadhari naye maana anakula akiwa amelala. Kuna mambo mengine aliyokataa kunitajia kwa sababu mimi ni mwanamke. Mtu mmoja tu duniani haruhusiwi kuuimba, naye ni mkwe mwenyewe, na mahali pamoja tu hapafai, napo ni karibu na mama wa mke wake. Maneno hukuyatoa, lakini yule mama aliyasikia yote, moja moja, mara sita, huku ukimpigia meza. Unataka angefanya nini, akae achote uji? Alikimbilia kwenye migomba kukuhifadhia heshima yako. Alijua mlivyolelewa misheni, akajua hujui, na kama angebaki ungemwona anacheka. Nyumba nzima iliona aibu kwa ajili yako, nawe ukaiita njama.

Sasa hebu rudi kwenye barua yako, pale unapojisifu. Januari ulikataza watoto kuimba Kikisii. Machi kibao hakikumshika mwimbaji hata mmoja, ukasifiwa. Aprili watoto wanaimba kwa do re mi. Wewe ni mwalimu wa hesabu! Jumlisha. Kibao kinashika Kikisii, hakishiki do re mi. Uliwafunga mdomo, halafu kwa mkono wa pili ukawapa mdomo mwingine, nao wakaenda nao shambani na bombani na nyimbo za mama zao ndani yake. Kwa miaka umekuwa ukiwaomba watoto watumie uliyowafundisha. Wamefanya hivyo. Ukasimama nyuma ya ua ukitetemeka.

Na wananyamaza ukipita kwa sababu ya kibao kile kile. Nyanchera ulipomuuliza maneno alitazama dirishani, umeandika mwenyewe, "ambako kibao kinaning'inia". Ulimuuliza mtoto maneno ambayo kuyatamka ni kuchapwa, halafu ukaandika kwamba amekataa kusema. Hapo nilikasirika, nikaiweka barua yako kando nikanywa chai kwanza.

Kuhusu Obwocha. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Alichukua wimbo ambao watoto wake walikuja nao kutoka nyumbani, akausafisha, akaupandisha jukwaani. Hakuiba chochote kwako. Na yule mwamuzi wa Nairobi hakuambiwa na mtu. Alisikia watoto thelathini wasiokosea hata pumzi, na hakusikia hata mmoja anayefurahi, ndipo akauliza swali ambalo ni zuri kuliko barua yako yote. Ungemjibu ungekuwa umelala usingizi tangu Julai.

Umebaki wimbo wa tatu. Huo nilimwimbia Nyangau mara mbili, polepole, na pumzi zako zote. Mara ya kwanza alitikisa kichwa. Mara ya pili alianza kunifuata kwa mguu, lakini kila tulipofika pale penye fe mguu ulisimama. "Hapo sipajui," akasema. "Unaanza kama wetu, na unaisha kama wetu, lakini hapo katikati kuna mtu." Hajawahi kuusikia Nyaramba, wala Kenyenya alikooa, wala popote. Wimbo huo hauna mwenyewe mwingine. Msichana alikuambia kweli tupu: inakuja tu. Ameutunga.

Basi fanya hivi, na usinipunguzie hata moja. Ripoti ile ichome leo, kabla ya chakula, na Esnah akiona. Umwombe Esnah akufundishe maneno ya ule wa pili, ucheke nao, hata pale pa miguu ya kunguru. Mama mkwe usimwendee wewe, maana najua huko kwenu mkwe haendi tu akasimama mlangoni kuomba radhi. Mtume Esnah na ule mkungu wa ndizi na kitu kingine kizuri juu yake, na asiseme ni la nini. Atajua.

Kibao siwezi kukuondolea, sheria ya shule si yangu, ingawa maoni ninayo. Lakini sheria ya kuimba uliiongeza wewe mwenyewe, umeandika, kwa hiyo uiondoe wewe mwenyewe, Jumatatu, mbele ya watoto, kwa sauti. Usipofanya hilo usijisumbue na mengine. Halafu mrudishie Nyanchera daftari mkononi, umpe chaki, aandike ule wa tatu ubaoni, na wewe ukae kwenye dawati la nyuma uimbe anapokuongoza. Maneno yake usimuulize. Akikuamini atakuja nayo, na kama yanakutania kidogo, umeyapata kwa haki.

Septemba nenda kwenye kamati, usijifiche. Baba yake Nyanchera atakuwa amekaa pale na kofia magotini, akidhani bintiye amefanya la aibu, naye anastahili kusikia kutoka kinywani mwako. Hiyo fe, mwalimu, inajulikana na watu wawili katika tarafa yenu, na Obwocha hajawahi kukanyaga darasa lako. Machi ulifundisha kitu kwa siku moja, ukaona hakuna aliyeelewa, ukafuta ubao. Kulikuwa na mmoja. Bwana Ombui akiuliza tena ni nani anayemfundisha mtoto huyu, simama, useme jina lako.

Mama Mshauri